Barua ya wazi kwa wakuu wa vipindi vya redio hapa Dodoma: turudishieni saa yetu ya roki, tuacheni tubishane

Mbukwenyi wakubwa zangu, na shikamooni kwa wale mnaostahili shikamoo.

Naandika kwa wakuu wa vipindi, mameneja wa redio na wahariri wa muziki wa hapa Dodoma, nyie ambao ndo mnaamua kipi kiende hewani na kipi kibaki kwenye kompyuta. Naandika wazi kila mtu asome kwa sababu simu mapokezi tumeshapiga sana, dada anapokea vizuri kabisa, anaandika jina, anasema ujumbe utafika, halafu kimya, na meseji tukituma kwenye namba ya studio zinasomwa zile za salamu tu. Redio yenyewe siitaji jina. Sitaki yule mtangazaji aongezewe matatizo, na isitoshe jambo lenyewe linawahusu wote maana saa ya roki ilikuwa moja tu kwa mji mzima na sasa hivi hata hiyo hamna.

Kwa ambao hawakusikia, ilikuwa hivi. Jumamosi usiku kulikuwa na kipindi cha saa moja, mtangazaji kijana tu, anapiga roki ya zamani na mpya, panki ile roki ya kasi na ya kupinga, metali kidogo, na anaelezea bendi imetoka wapi na wimbo unasema nini. Mwezi uliopita akapiga singo mpya ya Green Day, bendi ya panki ya Marekani, ile iliyotoka tarehe 24 Oktoba 2023, "The American Dream Is Killing Me". Akaipiga, watu wakaomba arudie, akarudia, halafu akafungua simu. Mnajua simu za redio usiku zinavyokuwaga, mtu anasalimia kuanzia mama mkwe Kondoa mpaka shemeji Mpwapwa na wimbo haulizii kabisa. Siku ile watu walikuwa wanabishana mstari kwa mstari! Jamaa wa Nkuhungu anasema huu ndo wimbo wao bora tangu 2004, dada wa Kisasa anamkatalia anasema ni malalamiko ya matajiri, anapiga mwingine wa Ihumwa anasema nyie wote hamjausikiliza ubeti wa pili, mpaka muda ukaisha na watu bado wapo kwenye laini wanasubiri. Wiki iliyofuata tukakaa mkao wa kula, tunasikia mchanganyiko wa nyimbo usio na mtangazaji. Tukauliza. Tukaambiwa kipindi kimesimamishwa, wimbo una maneno ya kujiua, na una siasa, na halafu roki haina wasikilizaji Dodoma.

Nataka nijibu yote matatu, ila kwanza mjue ni watu gani mmewafungia mlango.

Nina steshenari huku Ng'hong'hona jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, natoa kopi, naprinti, nabaindi ripoti za wanafunzi. Baada ya ile Jumamosi alikuja kijana kuprinti mashairi ya ule wimbo, karatasi moja ya A4, mwenzie akaiona akataka na yeye, wakaja wa Chadulu, wakaja wa chuo cha Mtakatifu Yohana, ikafika mahali faili nimeliacha palepale mbele kwenye kompyuta maana najua kabla ya jioni kuna mtu ataliulizia. Na hawaondoki. Wanasimama kaunta na peni, huyu anapigia mstari, yule anazungushia duara, mwingine anaandika pembeni "muongo". Kwa kazi yangu naona karatasi nyingi sana zinasomwa kwa sababu kuna mtihani, ile karatasi ilikuwa inasomwa kwa sababu watu wanataka kujua. Nyie mlikuwa na kitu kama hicho kwenye masafa yenu mkakizima.

Sasa ubishi wenyewe.

Kuna kaka mmoja alimaliza shahada yake hapohapo UDOM, sasa hivi anaendesha bajaji ya mtu njia ya Sabasaba. Yeye kashikilia ule mstari unaosema watu wako mtaani, hawana kazi, wamepitwa na wakati. Anasema alivyousikia alizima bajaji. Maana yeye alikuja Dodoma akiamini ile habari tuliyoambiwa wote, soma, faulu, serikali inahamia huku tangu 2016, makao makuu ndo yamekuja mlangoni kwako, ajira zitakuwa nje nje. Anasema yule mzungu anaimba ndoto ya kwao Marekani lakini na sisi tunayo ya kwetu tunauziwa kila siku, na asiyefanikiwa anaambiwa hakujituma. Wenzie wakamkatalia, wakamwambia usichukue wimbo wa watu ukaupeleka ofisi ya utumishi, jamaa anazungumzia nchi yake, mashairi yana TikTok, yana kodi, yana watu wanaoshinda kwenye nadharia za njama, hayo ni ya kwao. Ubishi huo uliendelea mpaka nikafunga duka.

Halafu kuna mama mmoja, mteja wangu wa muda mrefu, huwa anakuja kutoa kopi karatasi za kiwanja. Roki haijui hata kidogo, ni mtu wa kwaya. Alikuwa amekaa anasubiri zamu yake vijana wanabishana, akawauliza huo wimbo unasema nini kinachowapandisha mishipa hivyo, wakamsomea ule mstari wa nyumba ya familia kusukumwa na katapila na palepale pakasimama maghorofa ya kuuza. Akanyamaza. Akauliza, huyo anayeimba wa wapi? Wakamwambia California. Akasema, kumbe na kwao. Akachukua kopi zake akaondoka, na hakuna aliyebishana kwa dakika kadhaa pale.

Wakubwa zangu, huu mji mnaujua. Tangu uamuzi wa makao makuu mwaka 1973 watu wa hapa wameishi na ramani, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, CDA, imekaa zaidi ya miaka 40 mpaka ilipovunjwa Mei 2017, na malalamiko ya ardhi yalikuwa mojawapo ya sababu zilizosemwa hadharani. Kila familia ya zamani ya Dodoma ina hadithi ya kiwanja. Kwa hiyo msituambie kwamba wimbo wa panki wa Marekani hauna cha kumwambia mtu wa Chang'ombe au Mkonze, mama wa kwaya kauelewa kwa mstari mmoja tu aliosomewa na bila hata kusikia gitaa.

Upande wa pili nao una hoja, na nataka muusikie kwa sababu nyie mmechukulia kwamba sisi mashabiki tunasifia tu. Mwalimu mmoja wa sekondari, shabiki wa panki kuliko sisi wote, haupendi ule wimbo kabisa. Anasema Green Day wamekuwa bendi tangu 1987, "Dookie" ya 1994 imeuza mamilioni kwa mamilioni, wana majumba, watu kama hao wakikuimbia habari ya mtu anayelala chini ya daraja juu ya vioo vilivyovunjika unatakiwa uulize wanapajua. Na anakumbushia habari ya Gilman, ule ukumbi wa vijana kule Berkeley ambako walianzia, ambao ulikuwa na sheria kwamba bendi ikisaini na kampuni kubwa ya rekodi haipigi tena pale, na walivyosaini na Reprise mlango ukafungwa kweli. Kwa mwalimu hiyo ndo hukumu, walishatoka kwenye panki zamani.

Dada mmoja anafanya kazi maabara akamjibu kwamba Billie Joe Armstrong, mwimbaji wao, hakuzaliwa kwenye hayo majumba, baba yake alikuwa dereva wa malori na alifariki kwa saratani Billie Joe akiwa na miaka 10, mama alikuwa mhudumu wa mgahawa analea watoto sita, mji wenyewe Rodeo ni mji wa kiwanda cha kusafisha mafuta. Mtu aliyelelewa hivyo akipata hela anapoteza haki ya kuimba alikotoka? Mwalimu akasema hapotezi haki, anapoteza ukali. Jamani, mimi hiyo kauli nimekaa nayo sana, na simkubalii moja kwa moja lakini kuna ukweli pale. Ukichukua wimbo wao wa 2004, "American Idiot", ulikuwa na mtu wa kumnyooshea kidole, ulitoka wakati wa vita ya Iraq na ulisema televisheni zinawapumbaza watu kwa hofu. Huu mpya hautaji mkosaji. Unataja ndoto. Na maoni yangu mimi, pale wanapochanganya TikTok na kodi kwenye pumzi moja wimbo unalegea, ni kama wanasoma vichwa vya habari, lakini pale kwenye nyumba na pale chini ya daraja hakuna wa kuwashika. Kuna wanaosema muziki wenyewe ni msafi mno, magitaa yamepigwa pasi, hayo sitaki kuyarefusha, kila mtu na masikio yake.

Nimeyaeleza haya kwa urefu makusudi, mpime wenyewe kama ni watu wa kuogopwa.

Tuje kwenye mstari uliosababisha yote. Ndio, kwenye wimbo kuna neno la kujiua. Anayeimba anasema ndani ameshakufa, kujiua kwa nini wakati hiyo ndoto yenyewe inamuua. Mzazi mmoja alisikia, akapiga simu ofisini kwenu akalalamika, na mimi simlaumu hata kidogo yule mzazi. Ana mtoto sebuleni, saa 4 usiku, anasikia neno lile kwenye redio, atafanyaje? Haki yake kabisa kuuliza. Ila mlitakiwa kumjibu. Mngempa mtangazaji nafasi amweleze kwamba mwimbaji mwenyewe alivyotoa wimbo alisema unahusu jinsi ile ndoto ya Marekani isivyofanya kazi kwa watu wengi na inavyowaumiza, kwamba mstari ule unaishitaki hali, haumuiti mtu aende akajidhuru. Na mzazi angeweza kusema bado siafiki, watoto hawachambui, wanashika neno tu. Hapo tungekuwa na mjadala wa maana sana na ningependa kuusikiliza.

Na nisingependa mashabiki wenzangu nao walichukulie juujuu. Mtu aliye vizuri anausikia ule mstari kama hasira, mtu aliyeelemewa anaweza kuusikia kivingine. Hilo lipo. Lakini nawakumbusha kilichotokea siku ile maana inawezekana ofisini hamkusikiliza kipindi mpaka mwisho. Kuelekea mwishoni alipiga simu kijana mmoja, sauti ya chini, akasema huo mstari ni wa kwake, hajawahi kusikia mtu anausema. Mtangazaji aliacha kila kitu. Hakuweka wimbo, hakuweka tangazo, akamuuliza kaka uko na nani hapo, umekula, akamwambia usikate, akaendelea kuongea naye taratibu kisha akasema prodyuza anachukua namba yako na tukitoka hewani nakupigia. Sisi wote tuliokuwa tunabishana tulikaa kimya tunasikiliza. Mimi nauliza, yule kijana Jumamosi iliyofuata alipofungua redio akakuta nyimbo zinajiendesha zenyewe alielewa nini? Kipindi kilichokuwa kinamuuliza umekula mmekifunga kwa sababu ya kumlinda yeye.

Tena sisi ndo mji wenye Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Hospitali ipo toka miaka ya 1920, nchi nzima inatutania nayo, mtu akikosea kidogo anaambiwa apelekwe Dodoma, na huo utani huku kwetu unatukera sana maana ndugu zetu wametibiwa pale na wamepona. Pale kuna madaktari na washauri ambao kazi yao ya kila siku ni hiyo ambayo ule mstari unaigusa. Kutoka studio zenu mpaka pale ni mwendo wa bodaboda tu. Mwiteni mtaalamu mmoja, apewe dakika kumi baada ya wimbo, aseme mtu akiwa na mawazo ya namna hiyo amwambie nani, aende wapi, na ndugu wamsikilizeje bila kumzomea. Hiyo ingekuwa huduma ambayo redio kubwa za Dar hazitoi.

Habari ya siasa. Naelewa hofu yenu, sisemi kwamba hamna sababu. Leseni ni ya gharama, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ina kanuni za maudhui, faini zipo, mna wafanyakazi wanategemea huo mshahara, na wote tunakumbuka Februari 2018 ilivyotoka orodha ya nyimbo zaidi ya kumi zisipigwe. Lakini tukumbuke pia Machi 2017. Nay wa Mitego alitoa "Wapo", akakamatwa, BASATA, baraza la sanaa, ikaufungia, na haikupita hata siku nyingi Rais Magufuli mwenyewe, kupitia Waziri Mwakyembe, akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Ule ulikuwa unasema mambo ya hapahapa nchini, kwa Kiswahili kila mtu anaelewa. Huu wa Green Day unasema mambo ya Marekani, haujafungiwa na mamlaka yoyote, hakuna barua, hakuna onyo, mmejifungia wenyewe kabla hata hamjaulizwa. Kama kuna kanuni imevunjwa tuonyesheni kifungu tukisome, tupo watu wa kusoma. Kama hakuna basi semeni mliogopa tu, tutaelewa, na tutaanzia hapo kuzungumza.

Nyimbo za panki zimefungiwa sana, na tunajua ilivyokwenda. Uingereza 1977, Malkia Elizabeth anasherehekea miaka 25 kwenye kiti, Sex Pistols wakatoa "God Save the Queen" mwezi Mei, BBC ikakataa kuupiga, maduka mengine yakakataa kuuza, na wiki ya sherehe yenyewe wimbo ulikuwa namba 2 kwenye chati za nchi nzima. Marufuku haikumzuia mtu kuusikia, ilizuia tu watu kuuzungumzia mahali penye mtu wa kuuliza maswali. Na kuna ule wa The Clash, mwaka huohuo, "White Riot", huo ndo mfano ninaoupenda zaidi kuliko wote. Ukisikia jina haraka haraka unaweza kudhani ni wabaguzi wa rangi, na kuna watu kweli walidhani hivyo, wengine kwa kuuchukia na wengine, hao ndo wabaya, kwa kuupenda. Kumbe Joe Strummer, mwimbaji wao, aliuandika baada ya vurugu za kanivali ya Notting Hill mwaka 1976, alikuwepo, aliwaona vijana weusi wanakataa kuonewa na polisi, akawa anawauliza vijana wazungu wenzie mbona nyie mmekaa tu. Mwezi Aprili 1978 wakaupiga Victoria Park jijini London mbele ya umati mkubwa kwenye tamasha la kupinga ubaguzi. Sasa niambieni, huo wimbo mkuu wa vipindi anayesoma jina tu angeufanyaje? Ungeeleweka vipi bila watu kukaa na kubishana mstari kwa mstari?

Na hapa kwetu pia. Mzee mmoja mstaafu anayekuja kwangu kuchapa barua alituambia vijana wa leo mnadhani nyie ndo wa kwanza, Novemba 1969 yeye alikuwa kijana Dar es Salaam na muziki wa soul ukapigwa marufuku kwenye kumbi, James Brown huyo mnayemsikia, mwaka huohuo ambao Operesheni Vijana ilikuwa inakimbizana na vimini na suruali za kubana. Ikasemwa ni uzungu, ni upotofu. Anasema watu waliandika kwenye magazeti, wengine wanaunga mkono wengine wanauliza mbona soul yenyewe ni ya watu weusi wenzetu. Alipofika hapo yule mwalimu wa sekondari akawa hana mbavu za kubishana, akaomba tu mzee aendelee kusimulia.

Maana hoja yenu ya tatu inafanana na hiyo. Roki haina wasikilizaji huku, ni muziki wa wazungu. Wasikilizaji mliwasikia kwenye simu siku ile. Na hilo la wazungu, Detroit kulikuwa na ndugu watatu weusi, akina Hackney, bendi yao iliitwa Death, walirekodi 1975 kabla panki haijapata hilo jina kwa watu wengi, kampuni ikataka wabadili jina wakakataa, nyimbo nyingi zikakaa ndani mpaka 2009. Bad Brains wa Washington ni marasta, wanapiga panki ya kasi ambayo wazungu waliikimbilia kuiga, na katikati ya shoo wanashusha rege safi kabisa. Johannesburg wakati wa ubaguzi National Wake walikuwa weusi na weupe kwenye bendi moja, jambo ambalo sheria za kule zililipiga vita, polisi wakawaandama, wakatoa albamu moja tu 1981. Hayo yote yule mtangazaji alishatusimulia kwenye kipindi, hatukuyapata shuleni.

Gitaa la umeme nalo sio geni kwa Wagogo. Patrick Balisidya, mtoto wa Mvumi hapo, aliongoza Afro 70 mpaka Lagos kwenye FESTAC 1977, tamasha la sanaa za watu weusi, kuiwakilisha Tanzania, na ukisikiliza gitaa lake uniambie kama ni la mtu aliyeogopa sauti. Na Hukwe Zawose, sauti ile na ilimba, kinanda cha kupiga kwa vidole gumba, alirekodi kwa Real World, kampuni ya mwanamuziki wa roki Peter Gabriel, na kuzunguka dunia mpaka alipofariki 2003, watu wa roki wa Ulaya walikaa chini kumsikiliza mwanaume wa hapa Dodoma anaimba Kigogo, hawakuambiwa muziki wake hauna wasikilizaji huko. Akina mama wa muheme wakipiga ngoma Chamwino pale, ile nguvu, yale mapigo, mimi nikiwa pale nasikia kitu kilekile kinachonipeleka kwenye panki. Watu wa hapa tumezoea muziki wa kusimama wima na kusema.

Tunachoomba ni hiki. Kipindi kirudi, Jumamosi saa 4 usiku, saa yake ileile, na mtangazaji wake yuleyule, wala asihamishiwe kusoma matangazo ya vifo. Nyie wa redio nyingine mkiona mwenzenu anasita, kichukueni nyie, tutahamia masafa yenu siku hiyohiyo. Wimbo upigwe mzima, usikatwe ule mstari, maana ukiukata unabaki na malalamiko bila mtu anayelalamika. Kabla ya wimbo mtangazaji aseme wazi kuna mstari mzito, mwenye watoto ajue. Baada ya wimbo mtaalamu wa afya ya akili aongee. Mashairi yaelezwe kwa Kiswahili ubeti kwa ubeti ili yule mama wa kwaya na wengine kama yeye waweze kupiga simu na kusema lao, sio wanaojua Kiingereza tu. Na simu zifunguliwe kwa pande zote, ikiwemo yule mzazi aliyelalamika, naomba sana mumwalike yeye awe wa kwanza.

Nafasi ikibaki mpigieni na kijana yeyote wa hapa anayejaribu roki kwa Kiswahili, wapo wanaofanyia mazoezi vyumbani na spika za kuazima, hawajawahi kuitwa studio hata siku moja.

Mtangazaji hajanituma na hajui kama naandika. Wanaokubali kuja studio tumeshazungumza nao, upande wa kuupinga wimbo atakuja yule mwalimu, upande wa kuutetea dada wa maabara, kaka wa bajaji amesema ataacha kazi jioni hiyo aje, na mzee wa soul ameomba tu afuatwe nyumbani kwa sababu usiku haoni vizuri, usafiri wake tutachanga sisi wenyewe. Nakala za mashairi kwa ajili ya watu wote watakaokuwa studio nitaprinti mimi bure. Albamu nzima, "Saviors", inatoka tarehe 19 Januari 2024 na ubishi utakuwa mkubwa kuliko huu, kwa hiyo tunaomba jibu lenu kabla ya hapo, na kama ni hapana basi lisemwe hewani na sababu zake, mnayemtuma aliseme atoe na namba tumpigie.

Msikilizaji wenu,
Ng'hong'hona, Dodoma
Novemba 2023